Kuprati
nm [i-/zi-] Oksidi ya shaba yenye matabaka, hasa ile ipitishayo umeme pasipo ukinzani ikipoozwa sana. Si shaba tupu: hiyo, tuisifuyo kwa nyaya, haijaonekana ikipoteza ukinzani wote. Ajabu ni kwamba kuprati ya lanthanamu, ikiwa safi, huzuia umeme. Elektroni zake husukumana hata kila moja ikabaki kwenye atomu yake ya shaba, na sumaku ndogo za atomu jirani huelekea pande zinazopingana. Ikitiwa bariamu, elektroni hupungua, mpangilio huo huvunjika. Hivyo ndivyo Bednorz na Müller walivyopata, mwaka 1986 karibu na Zürich, ukinzani ukianza kutoweka kwenye kelvini 35 hivi. Je, mabaki ya usumaku ndiyo yaunganishayo elektroni jozi jozi? Wengi hudhani hivyo, ubishi haujesha.