Baada ya Uvimbe Kuisha

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya juu na chini, kulia na kushoto. Kisu hakikufua dafu kwa uvimbe wa namna ile, na mashine ya mionzi Uganda haikuwapo. Zikajaribiwa dawa, methotreksati na saiklofosfamidi miongoni mwake, na baadhi ya watoto wakapona kwa dozi chache tu, taya likinywea ndani ya siku kadhaa. Mwaka 1967 kikafunguliwa hapo Mulago kituo cha kutibu uvimbe huo, yaani saratani ya Burkitt, kwa ushirikiano na Wamarekani, chini ya John Ziegler. Wamarekani walipoondoka enzi za Idi Amin, Charles Olweny akakishika. Ndio mzizi wa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Historia hii husimuliwa kama ushindi wa dawa, na si uongo, ila huishia pabaya: pale mtoto anaporuhusiwa kwenda nyumbani.

Mtoto aliyepona akiwa na miaka 6 hakubaki na miaka 6. Alibalehe, na aliyemlea katika balehe hiyo alikuwa mzazi asiye na maelekezo yoyote. Si kwamba madaktari walizembea. Saratani ya Burkitt ikirudi, kwa kawaida hurudi ndani ya mwaka wa kwanza, hivyo swali lao lilikuwa moja, uvimbe umerudi au haujarudi, na jibu lilipatikana mapema. Mwaka 1975 daktari Mmarekani Giulio D'Angio aliandika kwamba kupona pekee hakutoshi, lakini utafiti mkubwa wa Marekani wa kuwafuatilia manusura ulianza mwaka 1994. Ushahidi uliopatikana unahusu ujana hasa. Doksorubisini, inayotumika kwa saratani nyingi za watoto, huweza kudhoofisha moyo miaka mingi baadaye; mionzi ya kichwani huweza kupunguza kasi ya kujifunza na kudumaza kimo; saiklofosfamidi ikiwa nyingi huweza kuharibu uzazi. Kijana anayeitwa mvivu darasani huenda analipia tiba iliyomwokoa.

Wapo watakaosema kuwafuatilia manusura ni anasa, wakati watoto wengi hawafiki hata hospitali. Hoja ina uzito. Lakini tangu 2018 Shirika la Afya Duniani limeweka lengo la kuokoa angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani ifikapo 2030, na kila hatua kuelekea huko inazaa vijana wengine wa kulelewa. Tena kinachodaiwa kwanza ni karatasi moja tu: jina la ugonjwa, dawa na kiasi chake, mahali mionzi ilipopigwa. Hoja nzito zaidi ni ya fedheha. Mama anaficha ugonjwa wa zamani asije bintiye akakosa posa, na kwa jinsi watu wanavyosema, ana sababu. Aufiche kwa majirani, sawa. Kumficha binti mwenyewe ni jambo jingine. Mimba huuongezea moyo kazi, na mkunga asiyeambiwa habari za doksorubisini atamwona binti anahema, na atamwambia ni uchovu wa kawaida wa mjamzito.