Ritifaa: Alama ya Washairi Iliyowasumbua Walimu



Katika miaka niliyofundisha Kiingereza sekondari, na baadaye chuo cha ualimu, hakuna alama iliyomaliza wino wangu mwekundu kuliko ritifaa. Wanachuo wenye akili njema waliandika "it's" palipotakiwa "its", na "you're" palipotakiwa "your". Wengi waliita jambo hilo uzembe. Mimi nashikilia kwamba chanzo chake kimo katika historia ya Kiingereza chenyewe.

Mwaka 1529 mchapaji Mfaransa, Geoffroy Tory, alipendekeza ritifaa itumike katika Kifaransa kuonyesha irabu iliyomezwa. Katika karne hiyo hiyo ya 16 Waingereza wakaiazima kwa kazi ileile. Washairi waliifurahia mno. Aliyebanwa na mizani aliandika "o'er" badala ya "over", silabi mbili zikawa moja. Nasi tunaijua inkisari: "usiogope" ina mizani mitano, "'siogope" ina minne.

Je, umiliki uliingiaje? Katika Kiingereza cha kale, "cha mfalme" kilikuwa "cyninges". Irabu ya kiambishi hicho cha mwisho ilipofifia katika matamshi, mahali pake pakaja kuwekwa ritifaa: "king's". Basi hata ritifaa ya umiliki ilianza kama alama ya sauti iliyotoweka. Wapo waliodhani ni ufupisho wa "his", na tamthilia ya Ben Jonson iliyochapishwa mwaka 1605 inaitwa "Sejanus His Fall". Taratibu alama ikaenea hadi kwenye nomino ambazo hazikuwa zimepoteza irabu yoyote. Alama moja ikabeba kazi mbili, na hapo ndipo fumbo lilipozaliwa.

Neno "its" lilichelewa kuja, likaonekana mwishoni mwa karne ya 16. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 bado ilitumia "his" hata kwa vitu visivyo na uhai. "Its" lilipozoeleka, wengi waliliandika kwa ritifaa, akiwemo Thomas Jefferson wa Marekani. Ni katika karne ya 19 tu desturi ilipotulia: "it's" likabaki kuwa ufupisho, nalo "its" likaungana na "his" na "hers", ambayo hayana ritifaa.

Kwa hiyo mwanafunzi anayeandika "it's" kwa maana ya umiliki anafuata mantiki ya "king's". Asikemewe, apewe kipimo. Atamke neno kwa urefu wake, "it is" au "you are". Sentensi ikileta maana, ritifaa ina haki yake. Isipoleta, aiondoe.

Kwetu alama hii ina kazi nyingine tena. Katika "ng'" haionyeshi kilichodondoka. Ni sehemu ya herufi yenyewe. "Ng'oa" ni kutoa kitu na mizizi yake, "ngoa" ni wivu au tamaa kali. Siku hizi naona simu zikiwazoeza vijana kuiacha, wakiandika "ngombe" na "ngambo". Wachapaji wa Kiingereza walikuwa na karne tatu za kurekebisha mambo yao. Sisi kanuni yetu ni nyepesi na iko wazi tangu mwanzo, na mshairi anayeiacha ritifaa huenda akang'oa maana ya ubeti wake mwenyewe.