Baraza la Kutunga Sheria na Kura za Mvita

Baraza la Kutunga Sheria la Kenya, lililokutana mara ya kwanza tarehe 17 Agosti 1907, lilikuwa mbali na watu wa Mji wa Kale wa Mvita, yaani Mombasa, si kwa masafa ya reli tu, bali kwa asili ya dola yenyewe; kwani Mvita, kwa mkataba wa 1895, ilikuwa ingali milki ya Sultani wa Unguja, ikitawaliwa na Waingereza kwa malipo ya kila mwaka, na bendera nyekundu ya Sultani ikipepea juu ya Ngome ya Yesu.

Waarabu walipojaliwa haki ya kuchagua mjumbe wao katika miaka ya 1920, Waswahili wa Thenashara Taifa, ambao mitaa na misikiti ya mji huu ni athari ya wazee wao, waliachwa nje ya daftari. Dhuluma hiyo, na sioni jina jingine la kuiita, iliwatenga watu waliosali safu moja na kuoana, nayo ndiyo iliyozaa Jumuiya ya Afro-Asian mwaka 1927. Lakini madai yao hayakukubaliwa ila baada ya Vita Vikuu vya Pili.

Machi 1957 Waafrika wakachagua wajumbe 8, na Pwani ikamtoa Ronald Ngala, aliyewahi kuwa mwalimu mkuu wa skuli ya Buxton papa hapa kisiwani. Hata hivyo, kura zilipimwa kwa elimu, mali na umri, mtu mmoja akaweza kupiga hadi 3 na jirani yake asipate hata moja.

Uchaguzi wa Februari 1961 ulifungua mlango zaidi: aliyejua kusoma na kuandika lugha yake, au aliyetimiza miaka 40, aliandikishwa. Katika viti 53 vya kupigiwa kura, 2 viliwekwa kwa Waarabu. Chama cha KANU kilipata viti vingi zaidi, lakini kikakataa kuunda serikali, na Ngala wa chama cha KADU akaiongoza. Ilhali barazani mwa Mji wa Kale mazungumzo yalikuwa ni Mwambao, ujitenge au uungane na bara.

Suala hilo halikuwekwa mbele ya mpiga kura. Kamishna wa Uingereza, Sir James Robertson, alishauri muungano mwishoni mwa 1961, na tarehe 5 Oktoba 1963, Baraza lenyewe likiwa limekwisha kupisha Bunge jipya, mawaziri wakuu Jomo Kenyatta wa Kenya na Mohamed Shamte wa Unguja wakalikata suala hilo kwa nyaraka, zikiahidi kulindwa kwa mahakama za makadhi, hati za ardhi na mafunzo ya Kiarabu. Mwezi wa Disemba bendera nyekundu ikateremshwa Ngomeni.