Fyuzi

Fyuzi ni kifaa kidogo cha usalama kinachowekwa katika saketi ya umeme ili kuikata pale mkondo unapozidi kiasi ambacho nyaya zinaweza kuhimili. Ndani yake mna waya mwembamba wa metali ambao huyeyuka kabla nyaya za nyumba hazijapata joto la kuweza kuwasha moto. Fyuzi huharibika ili vingine vipone.

Istilahi za msingi

Ili kuelewa fyuzi ni lazima kujua istilahi nne:
- Mkondo ni mwendo wa chaji za umeme ndani ya waya. Hupimwa kwa ampea (A).
- Volteji ni msukumo unaozifanya chaji zitembee. Hupimwa kwa volti (V). Umeme wa majumbani nchini Tanzania ni wa volti 230.
- Ukinzani ni kiasi ambacho kitu huzuia mkondo usipite. Hupimwa kwa omu (Ω).
- Nguvu ni nishati ambayo kifaa hutumia kwa kila sekunde. Hupimwa kwa wati (W). Ukigawa nguvu ya kifaa kwa volteji, utapata mkondo wake.

Jinsi inavyofanya kazi

Kila waya unaopitisha mkondo hupata joto. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto linalozalishwa huongezeka mara nne. Waya wa fyuzi ni mwembamba kuliko nyaya nyingine za saketi, hivyo hupata joto haraka zaidi. Ukiyeyuka, njia ya umeme hukatika.

Mkondo huzidi kwa sababu kuu mbili. Ya kwanza ni kuchomeka vifaa vingi mno kwenye soketi moja. Ya pili ni shoti, yaani waya wa moto kugusana na waya wa nyutro bila kupitia kifaa. Hapo ukinzani huwa mdogo sana na mkondo hupanda ghafla.

Fyuzi huwekwa kwenye waya wa moto. Ikiwekwa kwenye nyutro, ikiungua kifaa kitazima, lakini ndani yake bado mtakuwa na umeme.

Kuchagua fyuzi

Plagi yenye miguu mitatu bapa, inayotumika Tanzania, Kenya na Uganda, inafuata kiwango cha Uingereza kiitwacho BS 1363, kilichotolewa mwaka 1947. Ndani ya plagi hiyo mna fyuzi, kwa kawaida ya ampea 3 au 13.

Mfano: birika la umeme la wati 2,000 hutumia 2000 ÷ 230 = ampea 8.7, kwa hiyo linahitaji fyuzi ya ampea 13. Redio ya wati 60 hutumia takriban ampea 0.26; fyuzi ya ampea 3 inaitosha. Redio hiyo ikiwekewa fyuzi ya ampea 13 itafanya kazi vilevile, lakini ikipata hitilafu waya wake mwembamba unaweza kuungua kabla ya fyuzi.

Mipaka ya fyuzi

Fyuzi hulinda nyaya. Haitoshi kumlinda mtu anayeshika waya wa moto. Mkondo unaozidi ampea 0.03 ukipita mwilini unaweza kuua, na fyuzi ya ampea 13 hubeba zaidi ya mara 400 ya kiasi hicho bila kuungua. Ndiyo maana nyumba huhitaji pia waya wa ardhi na swichi maalumu inayokata umeme mara unapovuja.

Katika nyumba nyingi mpya, fyuzi za kwenye ubao mkuu zimebadilishwa na swichi za kujikata, ambazo hurudishwa kwa mkono baada ya hitilafu kuondolewa.

Fyuzi iliyoungua

Kabla ya kubadilisha fyuzi, umeme huzimwa na plagi huchomolewa. Fyuzi mpya iwe ya ampea zilezile. Ikiungua tena, hitilafu ingalipo na fundi wa umeme anahitajika.

Watu wengine huweka msumari, karatasi ya sigara yenye metali au waya mnene wa shaba mahali pa fyuzi. Taa huwaka, lakini ulinzi umeondoka. Shaba huyeyuka kwenye sentigredi 1,085, na plastiki inayofunika nyaya huharibika mapema zaidi. Kwa hiyo mkondo ukizidi, kitakachoungua kwanza ni waya uliofichwa ukutani au darini, karibu na mbao.