Kitanda, Godoro, Matela: Historia ya Malalo katika Msamiati wa Kiswahili

Kila mwanzo wa mwaka wa masomo huwapa wanafunzi wangu zoezi dogo la msamiati: wataje sehemu za kitanda, kisha vitu vinavyotiwa ndani ya godoro. Kuhusu kitanda hupatikana maneno mawili au matatu, mengine ya Kifaransa. Kuhusu godoro hujibu karibu kwa sauti moja: sponji. Tena wachache tu ndio husema godoro. Wengi husema matela. Sina haja ya kuwalaumu, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikulia katika nyumba ya matela. Hata hivyo jibu lao lanipa mashaka, hasa siku hizi ambapo wauzaji wa miji yetu hutangaza magodoro ya vitu vya asili, yaani pamba, sufi, usumba na utomvu wa mpira, na mnunuzi hana neno wala kipimo cha kuyapambanulia.

Makala haya yanakusudia kuonyesha jambo moja. Kiswahili cha zamani kilitenganisha kazi mbili za malalo: kuubeba mwili na kuulainishia mahali pa kulala. Kila kazi ilikuwa na kifaa chake, fundi wake na maneno yake. Sisi wa bara tulipopokea neno matela, tulilipokea pamoja na dhana kwamba kitu kimoja hufanya kazi zote mbili. Dhana hiyo ina gharama.

Tuanze na kitanda. Jina lenyewe latokana na kitenzi kutanda, yaani kuenea au kunyosha kitu juu ya nafasi fulani. Jirani zetu wanaosema Kiluba cha Kasayi huita kitanda bulalu, kutokana na kulala. Wao wametazama anayelala. Waswahili wamemtazama fundi. Kwao kitanda ni kitu kilichotandwa: matendegu manne, mifumbati miwili ya ubavuni, vitakizo viwili vya kichwani na miguuni, na katikati kamba iliyowambwa kama ngozi inavyowambwa juu ya ngoma. Kamba hiyo ndiyo iliyobeba mwili. Ikilegea, mgongo huzama katikati, na mtu huamka amechoka kuliko alivyolala. Kamusi za mwanzo wa karne ya 20 zimehifadhi jina la dhihaka la kitanda hafifu, teremka tukaze, maana yake: shuka kwanza, tukikaze tena. Nadhani hakuna maelezo mafupi kuliko hayo ya tatizo ambalo watengenezaji wa leo hulijazia kurasa za matangazo.

Kamba nyingi za pwani zilitokana na usumba, yaani nyuzi za kumbi la nazi. Kazi yake ni ndefu. Makumbi hufukiwa katika mchanga au tope la ufuko ambapo maji ya bahari hupwa na kujaa, hukaa humo miezi mingi mpaka sehemu laini ioze, kisha hufukuliwa, hupondwa kwa rungu, huoshwa na kuanikwa, ndipo nyuzi zisokotwe. Huko Unguja, katika vijiji vya pwani ya mashariki kama Jambiani na Paje, ni wanawake wanaojulikana kwa kazi hiyo. Uzi huo ni mgumu, hauozi upesi, na ukikandamizwa hurudi. Kwa sababu hiyo umedumu hadi leo ndani ya magodoro ya viwandani, ambamo nyuzi za nazi hupuliziwa utomvu wa mpira ili zishikane na kuwa tabaka imara la chini. Kazi ya usumba, basi, haijabadilika sana: zamani ulibeba ukiwa kamba chini ya godoro, na sasa wabeba ukiwa ndani yake.

Godoro ni habari nyingine. Neno hili si la Kibantu, wala, kinyume cha matazamio ya wengi, si la Kiarabu. Asili yake hutafutwa India. Katika Kigujarati limo neno godadu, ambalo ni mfarishi mzito wa tabaka za nguo zilizoshonwa pamoja. Yaelekea lilivuka bahari pamoja na nguo na wafanyabiashara. Katika lahaja za kaskazini lilitamkwa kwa j, na kwa sura hiyo, majodori, limo katika al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir uliotungwa kati ya mwisho wa karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19. Mshairi anawakumbuka matajiri wa Pate waliolala juu ya vitanda na magodoro, wakiwa na mito upande wa kichwa na upande wa miguu. Kisha anawaonyesha katika nyumba ya mchanga isiyo na zulia. Kwa mwanaisimu, beti hizo zina ushahidi wa ziada. Kitanda na godoro vimetajwa mbalimbali, na godoro ni alama ya utajiri. Mtu wa kawaida alitandika mkeka juu ya kamba, basi.

Ndani ya godoro la pwani mlitiwa pamba, au sufi. Neno sufi lina kisa kidogo. Kwa Kiarabu, suf ni manyoya ya kondoo. Lakini kondoo wa nchi zetu za joto hana manyoya ya kusokotwa. Ana nywele fupi kama za mbuzi. Jina likakosa kitu, likahamia juu ya mti: nyuzi laini za tunda la msufi zikaitwa sufi. Msufi ni Ceiba pentandra wa wataalamu wa mimea, nao si mgeni kwetu Kongo; Wakongo wa magharibi huuita mfuma. Kila uzi wa sufi ni mrija mwembamba uliojaa hewa, wenye nta juu yake. Kwa hiyo ni mwepesi mno, haunywi maji upesi, nao ulitumika kujazia makoti ya kuokolea mabaharia katika vita viwili vya dunia. Lakini ni mfupi na hutelezateleza, haufai kusokotwa; na ndani ya godoro hushindiliwa upande mtu anapolala, ukafanya mabonde. Dawa yake ni jua, kupigapiga na, baada ya miaka, kufumua mshono na kuuchambua upya. Sufi hulainisha, haibebi. Wazee wa pwani hawakuitarajia ibebe, kwa kuwa chini yake palikuwa na kamba iliyokazwa.

Sasa tuje bara. Misafara ya wafanyabiashara wa Unguja na Tabora ilipofika Maniema, na miji ya Nyangwe na Kasongo ikawa vituo vyake katika nusu ya pili ya karne ya 19, lugha ilitangulia vifaa. Neno kitanda lilienea. Kitanda cha usumba hakikuenea, kwa sababu kando ya Lualaba hapakuwa na minazi ya kutosha kazi hiyo. Mahali pengi malalo yalikuwa miti minne yenye panda iliyochimbiwa sakafuni, fito zikalazwa juu yake, na juu ya fito mkeka wa matete au wa majani ya mnyaa. Wazee waliosoma shule za bweni za misheni husimulia habari za magunia yaliyojazwa majani makavu. Hapo pia kanuni ni ile ile: fito zabeba, majani yalainisha.

Je, pamba? Pamba ilikuwapo, tena tele. Serikali ya Kibelgiji iliingiza kilimo cha lazima cha pamba mwaka 1917, na amri ya 1921 ikagawanya nchi katika maeneo ambamo kampuni moja tu ilikuwa na haki ya kununua mavuno ya mahali. Kwa amri ya 1933 kazi za lazima vijijini ziliwekewa kiasi cha siku 60 kwa mwaka; wakati wa vita zikafikishwa 120. Watu wa Uele, wa Maniema, wa Lomami na wa kaskazini ya Katanga walilima, wakachuma, wakabeba vikapu hadi sokoni kwa bei iliyopangwa na wengine, na sehemu kubwa ya nyuzi ikasafirishwa Ubelgiji. Aliyechuma pamba alirudi kulala juu ya mkeka. Ninalisema hili kwa makusudi, kwa kuwa wako wanaodhani kwamba babu zetu hawakuwa na magodoro kwa kukosa maarifa. Pamba ilipita mikononi mwao. Haki ya kuitumia ndiyo haikupita.

Godoro likaja kwetu kwa mlango wa nyumba ya Mzungu, katika kambi, misheni na hospitali, likiwa na jina lake la Kifaransa. Na jina hilo lina safari ya ajabu. Matelas ya Kifaransa yatokana na materasso ya Kiitalia, nayo yatokana na matrah ya Kiarabu, yaani mahali pa kutupia kitu, penye mito au matandiko chini. Pwani, iliyokopa maneno mengi kwa Waarabu, haikulikopa hilo. Ilikwenda India kutafuta godoro. Sisi wa bara, tuliokaa mbali na Waarabu, tumelipata neno lao kwa mkono wa tatu. Msomaji anayependa kusema kwamba Kingwana ni Kiswahili kilichoharibika na alitafakari jambo hilo.

Pamoja na jina ilikuja sponji. Mwaka 1929 mafundi wa kampuni ya Dunlop huko Uingereza walifaulu kuupiga utomvu wa mpira mpaka ukawa povu linaloganda. Na mwaka 1937 Otto Bayer na wenzake katika Ujerumani waligundua poliuretani, ambayo baada ya vita ilitoa povu la bei nafuu kuliko la mpira. Hili la pili ndilo lililoshinda katika masoko yetu. Ni jepesi, halihitaji kuchambuliwa, nalo huuzwa kana kwamba halihitaji kitanda pia. Sponji hafifu huisha nguvu upesi, nayo haifumuliwi ikajazwa upya, hutupwa.

Anayetaka kurudia vitu vya asili na akumbuke mgawanyo wa zamani. Pamba hunywa jasho na kulainisha, lakini hushindiliwa. Sufi ni nyepesi na kavu, nayo hushindiliwa zaidi. Tena isogezwe mbali na moto. Usumba hubeba, lakini peke yake ni mgumu. Povu la utomvu wa mpira hubeba na kulainisha pamoja, ila ni zito na ghali, na mara nyingi huchanganywa na mpira wa viwandani, muuzaji aulizwe. Kuhusu ugumu, madaktari walizoea kuwaambia wenye maumivu ya mgongo walale juu ya kitu kigumu. Uchunguzi wa Kovacs na wenzake uliofanyika Hispania kwa watu wazima 313, ukachapishwa mwaka 2003 katika jarida la Lancet, ulionyesha kwamba waliolalia godoro la ugumu wa wastani walipata nafuu kuliko wa godoro gumu. Mtu alale ubavu dukani, mwenzake amtazame: uti wa mgongo unyoke, nyonga isizame wala bega lisisukumwe juu. Na aombe kipande cha ujazo akichome: pamba na sufi huungua kama karatasi na kuacha majivu, nyuzi za viwandani huyeyuka zikaacha donge gumu.

Mimi nilijifunza hayo nikiwa nimekwisha kulipa. Nilinunua godoro lililosifiwa kuwa la sufi tupu. Kabla ya mwaka kwisha likawa na bonde, na mgongo ukaanza kunisumbua. Nikamwita mzee mmoja, mshona magodoro, anayetembea mitaani na sindano yake ndefu. Nilidhani ataanza na mshono. Yeye alilisogeza godoro kando, akapiga magoti, akachungulia chini ya kitanda.

“Mwalimu,” akasema, “mbao zako zimeachana. Hata nikutilie pamba mpya, utarudi kuniita.”

Aliongeza mbao nne, zile ambazo Watanzania huziita chaga, ndipo akafumua godoro. Juu palikuwa na sufi, kiganja kimoja tu. Chini yake mabaki ya sponji na vitambaa vikuukuu. Alitenga sufi, akajaza pamba aliyoichambua kwa vidole mchana kutwa, akashona. Nilipomwambia kwamba watu wa pwani walikuwa na kitanda kiitwacho teremka tukaze, alicheka mpaka akaweka sindano chini. Jina hakuwa amelisikia kamwe. Akaniomba nilirudie mara mbili, apate kuwaambia wateja wake.