Msaada kwa waathirika wa uhalifu, Namatala

Msaada kwa waathirika wa uhalifu ni huduma anazopewa mtu aliyetendewa kosa wakati polisi wakiendelea na upelelezi. Katika Namatala, mtaa wa watu wa kipato cha chini mjini Mbale, mashariki mwa Uganda, mara nyingi safari huanzia kwa mwenyekiti wa baraza la kijiji (LC1), kisha kituo cha polisi.

Karatasi ndiyo kiini cha jambo. Aliyepigwa hupewa fomu ya polisi namba 3. Aliyebakwa au kunajisiwa, namba 3A. Mhudumu wa afya hujaza majeraha aliyoyaona, na fomu hiyo huwa ushahidi mahakamani. Ni ya bure. Kuchelewa ni hasara: mwili huponya alama, na maji ya kuoga huondoa ushahidi mwingine, ndiyo maana mwathirika wa ubakaji hushauriwa aende hospitali kabla ya kuoga.

Kesi za watoto na za nyumbani hushughulikiwa na kitengo cha polisi cha ulinzi wa mtoto na familia. Sheria ya Ukatili wa Nyumbani ni ya 2010. Simu ya bure 116, iitwayo Sauti, hupokea taarifa za watoto.

Lugha nayo ina uzito. Namatala wanaishi Wagisu, Wateso na Wakaramojong, na Kiswahili, lugha ya askari tangu ukoloni, kwa wengine bado hunukia amri. Mkalimani anayeaminika hupunguza hofu hiyo.

Katiba ya Uganda ya 1995, kifungu cha 126, inazitaka mahakama ziamuru fidia ya kutosha kwa waliokosewa.