Mtaa Kabla ya Usharika: Ujirani na Uenezi wa Injili katika Mteremko wa Kilimanjaro

Msomaji atakayefungua kitabu hiki cha kumbukumbu ya miaka mia moja atakutana kwanza na majina ya wachungaji na tarehe za ujenzi, na ndivyo ilivyo desturi ya vitabu vya namna hii. Sura hii inahusu jambo lisiloweza kuandikwa chini ya jina la mtu mmoja, nalo ni jinsi Wakristo wa kwanza wa mteremko huu walivyoishi pamoja, walivyosaidiana na walivyomfikia jirani ambaye hakuwa wa imani yao. Usharika wetu, kama sharika nyingi za Kilutheri za mlimani, ulianza kama mtaa: banda la kufundishia, mwalimu mmoja, wazee wawili watatu na majirani wao. Nitajaribu kuonyesha kwamba uzima wa kanisa hili ulikaa huko mitaani tangu mwanzo, na kwamba waliokuwa na mamlaka ya kulisimamia walichelewa sana kuutambua.

Historia ya mwanzo inajulikana, nami nitaipitia kwa haraka. Wamisionari wa CMS kutoka Uingereza walianza kazi Moshi mwaka 1885, wakaondoka mwaka 1892 baada ya vita kati ya Wajerumani na Mangi Meli, kwa kuwa wakuu wa Kijerumani waliwashuku. Mwaka 1893 Misioni ya Leipzig ilifungua kituo chake cha kwanza Machame. Kikafuata cha Mamba mwaka 1894, na kile cha Kidia, Moshi ya Kale, mwaka 1896.

Kuna habari ambazo vitabu vya sherehe hupenda kuzipita kando, nazo zahitaji kusemwa hapa, maana bila hizo hatuwezi kuelewa jinsi jirani alivyolitazama kanisa. Mnamo Oktoba 1896 wamisionari wawili vijana, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, Meru. Tunawakumbuka kwa haki kama mashahidi. Lakini baada ya kifo chao jeshi la Kapteni Johannes, likisaidiwa na mashujaa waliotoka huku Kilimanjaro, liliwaadhibu Wameru na Waarusha kwa vita vikali, kwa kuua watu na kuteka mifugo. Na tarehe 2 Machi 1900, huko huko Moshi ya Kale, Wajerumani waliwanyonga watu 19, wakiwamo Mangi Meli wa Moshi, Ngalami wa Siha na Molelia wa Kibosho. Mtoto wa Moshi aliyeanza kujifunza kusoma katika miaka ile alijua vema kwamba mwalimu wake mzungu na askari aliyefunga kitanzi walitoka nchi moja na walisema lugha moja. Wamisionari wengi walijitahidi kujitenga na ukatili wa serikali, na baadhi yao walisema wazi kuupinga. Hata hivyo mama aliyemruhusu mwanawe aende darasani alifanya jambo la ujasiri kuliko tunavyofikiri leo, kwa kuwa alikuwa akimpeleka kwa watu ambao hakuwa na sababu ya kuwaamini.

Nani basi aliyemfanya aamini? Kwa sehemu kubwa alikuwa mwalimu wa kienyeji. Mwaka 1902 mmisionari Johannes Raum alianzisha mafunzo ya walimu huko Kidia, na mwaka 1912 mafunzo hayo yalihamishiwa Marangu, ambako chuo cha ualimu kiliendelea kwa vizazi vingi. Vijana waliotoka hapo walirudi kukaa miongoni mwa watu wao. Mwalimu alifundisha kusoma siku za juma, na Jumapili aliongoza ibada katika banda lile lile. Alikuwa na kihamba kama wenzake, akipalilia migomba yake, akisafisha mfongo pamoja na majirani ilipofika zamu, akikaa na waliofiwa. Mshahara wake ulikuwa mdogo mno. Ukristo ulipofika katika mtaa haukufika kama habari ya mgeni, kwa sababu aliyeuleta alijulikana hata jina la nyanya yake.

Hapa yafaa kumtaja Bruno Gutmann, aliyefika nchini mwaka 1902 na kutumika Moshi ya Kale, ukiacha miaka ya kufukuzwa, hadi mwaka 1938. Gutmann aliyasikiliza mno maisha ya Wachagga na kuyaandika; kitabu chake kikubwa juu ya sheria za Wachagga kilitoka mwaka 1926. Aliona kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo vilivyowashika watu, na kwamba Mkristo asing'olewe humo. Kwa hiyo aliupanga usharika kwa kufuata ujirani: kila eneo na wazee wake, wenye kusuluhisha magomvi, kuangalia wagonjwa na kuitisha msaada. Vijana waliopata kipaimara aliwaunganisha katika vikundi vidogo vya kuchungana, akifuata desturi ya undugu wa ngao iliyowafunga vijana wa zamani. Hata jani la sale, ambalo Mchagga hulipeleka kwa mtu aliyemkosea ili kumwomba msamaha, lilibaki na heshima yake kati ya Wakristo. Wengine katika misioni waliona kwamba Gutmann anachanganya mambo. Ninaamini kwamba alikuwa sahihi katika hilo kuliko waliomlaumu, ingawa nitaonyesha mbele kidogo mahali ambapo mpango wake ulipungukiwa.

Vita Kuu ya Kwanza ilileta jaribu. Waingereza waliingia Moshi mwezi Machi 1916, na mwaka 1920 wamisionari wa Leipzig waliondoshwa nchini, isipokuwa wachache sana. Wamarekani wa Sinodi ya Augustana walikuja kusaidia miaka ya mwanzo ya 1920, lakini walikuwa wachache kwa eneo lote la Kilimanjaro, Meru, Arusha na Upare, na wamisionari wa Leipzig walianza kurudi kuanzia mwaka 1925. Katika muda huo wa katikati hapakuwa na mchungaji mwenyeji hata mmoja. Misioni ilikuwa imefanya kazi miaka 27 pasipo kumbariki yeyote. Walimu na wazee wangeweza kufundisha, kuzika, kusuluhisha na kuomba, lakini kushiriki Chakula cha Bwana kulimngojea mgeni aliyeweza kupita baada ya miezi mingi.

Na bado mitaa haikufa. Shule ziliendelea hata pale ambapo mishahara ilikoma. Katekumeni walifundishwa na kuwekwa tayari. Waliotarajia kwamba kanisa lingesambaa kama kundi lisilo na mchungaji walirudi wakalikuta limesimama. Mara nyingi jambo hili hutajwa kwa sentensi moja ya shukrani kisha wasimulizi wakaendelea na safari za wamisionari. Kwangu mimi hiki ndicho kiini cha historia yetu ya mwanzo, na ajabu yake ni kwamba hata baada ya ushuhuda huo ilipita karibu miaka kumi tangu wamisionari waanze kurudi hadi wachungaji wa kwanza wenyeji walipobarikiwa, mwaka 1934. Tangu Machame 1893 ni miaka 41. Wamisionari wa Kijerumani walipoondolewa mara ya pili baada ya vita kuanza mwaka 1939, kanisa lilikuwa na wachungaji wake lenyewe, na tofauti ilionekana.

Ni nini hasa kilichoushika mtaa? Wazee wakiulizwa swali hili hutaja mambo madogo madogo. Hutaja msiba: majirani walichimba kaburi, wanawake wakaleta ndizi, maziwa na kuni bila kuitwa, na watu wakalala na wafiwa siku kadhaa, Mkristo na asiye Mkristo pamoja. Wengi walisikia habari ya ufufuo kwa mara ya kwanza wakiwa wamesimama kando ya kaburi la jirani, wala hawakuwa wamekuja kusikiliza mahubiri. Hutaja matarumbeta, urithi wa Kijerumani uliogeuka kuwa wetu kabisa, yanayopigwa arusini na mazishini, ambayo sauti yake huvuka korongo na kumfikia hata yule aliyeapa kwamba hatakanyaga kanisani.

Hutaja pia mnada. Mgeni akitoka ibadani Jumapili hushangaa kuona watu hawatawanyiki. Nje ya mlango huwekwa mikungu ya ndizi, mayai, kuku aliyefungwa miguu, kibuyu cha maziwa, pengine boga moja tu. Ni sadaka za watu ambao siku hiyo hawakuwa na fedha mkononi. Mzee wa kanisa mwenye sauti na maneno ya kuchekesha hunadi, bei hupanda, na anayenunua mara nyingi huirudisha mali mezani inadiwe tena, au huagiza ipelekwe kwa mjane fulani aliyekaa kimya nyuma. Hivyo yai moja huweza kuleta fedha mara tatu na mwishowe likaliwa na mtu aliyelihitaji. Majengo mengi tunayoyaona leo yana mawe yaliyonunuliwa kwa njia hii. Kuna wanaoona kwamba mnada umepitwa na wakati, na kwamba bahasha na ahadi vinaleta fedha nyingi zaidi, nao kwa hesabu hawakosei. Ila bahasha hufungwa, wala jirani hajui ndani yake mna nini, na mjane hapati chochote kutoka humo siku ile ile.

Sasa niseme upungufu niliouahidi. Kanisa lililojengwa juu ya ukoo na ujirani lilikuwa na joto jingi kwa aliyezaliwa ndani yake, lakini mgeni hakupata pa kukaa. Reli ilifika Moshi mwaka 1911, na katika miaka ya 1930 shamba la miwa la TPC lilianzishwa Arusha Chini. Mji na mashamba vikajaa watu wa makabila mengi wasio na kihamba mlimani, wasio na mzee wa kuwasemea. Ibada za mlimani zilikuwa kwa Kichagga, na Kichagga chenyewe kina lahaja zake, hata Agano Jipya la Kimoshi lililotafsiriwa na Gutmann halikumfaa sana mtu wa Rombo, sembuse Mpare au Mnyamwezi. Misioni ilikiogopa Kiswahili kwa kukidhani lugha ya pwani na ya mjini. Kwa maoni yangu hofu hiyo iliwanyima mitaa ya mlimani majirani wengi wa tambarare kwa zaidi ya kizazi kimoja. Biblia ya Kiswahili ya Muungano ilipochapishwa mwaka 1952 ilikuta mlango ulioanza kufunguka, ikaufungua zaidi.

Wanawake nao walikuwa upungufu wa pili. Wao ndio waliobeba maji na mawe ya ujenzi, waliotembelea wagonjwa, waliojaza viti vya ibada ya katikati ya juma. Katika orodha za wazee wa miaka ya mwanzo kuwatafuta ni kazi bure, kwa kuwa baraza lilifuata desturi ya ukoo ambamo wanaume ndio waliosema. Kanisa letu liliamua mwaka 1990 kwamba wanawake waweza kubarikiwa kuwa wachungaji, na dayosisi zikaanza kutekeleza kila moja kwa wakati wake. Aliyeyajua maisha ya mtaa hakuona jambo geni sana katika uamuzi ule; aliona kazi ya siku nyingi ikipewa jina.

Uenezi wa Injili kutoka mlimani haukufuata mpango wa misioni peke yake. Ulifuata kahawa na ufinyu wa ardhi. Chama cha ushirika cha KNCU, kilichoanzishwa miaka ya 1930, kiliwapa wakulima fedha za karo na mabati. Lakini vihamba viligawanywa kwa watoto, kisha kwa wajukuu, hadi havikugawanyika tena. Watu walishuka tambarare, wengine wakaenda Arusha, Tanga, Dar es Salaam na mbali zaidi. Walikokwenda walitafutana, wakaanza kusali nyumbani kwa mmoja wao, wakachagua mzee, wakapata mwinjilisti, na baada ya miaka wakawa mtaa wa usharika ulio jirani. Makanisa saba yalipoungana tarehe 19 Juni 1963 na kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, kama linavyoitwa leo, mkuu wake wa kwanza akiwa Askofu Stefano Moshi, mtu wa mlima huu, kulikuwa tayari na mitaa mingi ya namna hiyo ambayo hakuna mmisionari aliyeipanga.

Mitaa ile ya tambarare ililazimika kujifunza ujirani upya, maana hapakuwa na ukoo wa kuegemea. Mzee mmoja Mchagga, wa pili Mpare, wa tatu ametoka Singida. Ibada kwa Kiswahili. Msiba unapotokea, anayechimba kaburi ni mtu ambaye hajui hata kijiji alikozaliwa marehemu. Wengi wao huendelea kurudi mlimani wakati wa Krismasi, wakijaza makanisa ya zamani hadi watu kusimama nje, kisha mwezi Januari viti hubaki na wazee na wajukuu wachache. Baadhi ya mitaa ya mlimani sasa hupata shida kuwapata vijana wa kubeba jeneza. Huko tambarare mnada ungalipo Jumapili nyingi: mezani pana mahindi, alizeti na mpunga, mkungu wa ndizi ni nadra na bei yake hupanda upesi, kwa sababu wako watu watatu au wanne wanaoutamani kwa ajili ya kumbukumbu, na anayeunadi, Mnyaturu, huwataja kwa majina ya vijiji vyao.